Reli Ifike Gatini: Hoja ya Mtu wa Kakonko Kuhusu Bandari ya Kigoma

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kakonko, tukimalizia ukuta wa nyumba ya mama. Fundi alinituma dukani kuongeza mifuko ya saruji. Nilipotajiwa bei niliguna, kwa kuwa juma hilohilo nilikuwa nimepita duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam na bei ya huko nilikuwa naikumbuka. Mwenye duka, mtu ninayemheshimu kama kaka yangu, hakukasirika. Alinijibu kwa maneno mawili: "Nauli, mwalimu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo wanafunzi wangu wa sera za umma huliona dogo: inakuwaje mkoa ulio na reli kwa zaidi ya miaka 100 uendelee kulipa nauli ya mkoa usio na reli?

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya safari ya kilometa 1,250 hivi kutoka bahari. Wajerumani hawakuifikisha pale kwa kuipenda Kigoma. Walilitaka ziwa na biashara ya ng'ambo yake. Meli tunayoiita leo MV Liemba ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kuja kuunganishwa upya Kigoma. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilipata kwa mkataba wa 1921 maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ukoloni ulikuwa na dhambi nyingi, lakini jambo moja uliliona sawasawa: reli inayoishia mbali na gati, au gati lisilo na behewa, ni nusu ya kitu.

Sisi Waha tuliionja reli hiyo kwa namna ya pekee. Shehena yake kubwa kutoka kwetu ilikuwa watu. Vijana wa Kibondo na Kasulu walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu walitambuliwa kwa namba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alitembea kwa miguu hadi kituo cha reli, na hadi anakufa alikuwa akisema kwamba treni aliifahamu kwa kuondoka tu. Hakuwahi kuiona ikileta kitu Buha. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mzaha wa wazee.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda, kisha yakarudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli hiyo ilikuwa ikibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2007 ikakabidhiwa mwekezaji kutoka India, mafuriko ya msimu wa 2009/2010 yakaisomba njia upande wa Kilosa, na mkataba wa mwekezaji ukavunjika. Wakati huo shehena ilikuwa imeshuka chini ya tani laki tatu. Benki ya Dunia ilipogharimia ukarabati baadaye, fedha zile zilihusu kilometa 970 za kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Kipande cha Tabora hadi Kigoma hakikuwamo.

Sasa inakuja SGR. Mkataba wa Tabora–Kigoma, kilometa 506 pamoja na njia za kupishana, ulitiwa saini Desemba 2022. Januari 2025 ukasainiwa mwingine wa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, kilometa 282. Ninaiunga mkono miradi yote miwili. Ila yapo mambo ambayo shangwe imeyafunika.

Mizigo ya Burundi kwa miaka mingi imekuwa moja ya nguzo za gati la Kigoma: inashuka kwenye behewa, inapanda meli, inakwenda Bujumbura. Reli ya Musongati ikikamilika, sehemu kubwa ya mizigo hiyo itakata kona Uvinza na isilione ziwa kabisa. Ni haki ya Warundi na ni faida kwao. Lakini maana yake ni kwamba bandari ya Kigoma itaishi kwa Kongo, yaani kwa Kalemie na Uvira, na kwa Mpulungu ya Zambia. Je, tumeipanga hivyo?

Wapo watakaosema Kongo itaunganishwa siku moja kwa reli ya aina moja. Reli ya Kalemie ina upana wa milimita 1,067. Yetu ya zamani ni 1,000. SGR ni 1,435. Kwa vyovyote mzigo utashushwa na kupandishwa. Hivyo kinachoamua gharama ni mita mia chache za mwisho: kama behewa linaingia hadi chini ya winchi, au linaachwa stesheni na mzigo kupakiwa kwenye lori kwenda bandarini, kisha kupakuliwa tena. Kila mkono unaougusa mfuko unadai chake. Shirika la Reli na Mamlaka ya Bandari ziko chini ya wizara moja. Sioni kwa nini mita hizo zisiwe na mwenyewe mmoja, mwenye jina na ratiba.

Jirani yangu mmoja, mwenye Fuso mbili, ananiuliza Kakonko inahusika vipi. Barabara ya lami inatupeleka Nyakanazi na mbele yake Kahama na Isaka. Kigoma iko zaidi ya kilometa 200 upande wa pili. Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba Isaka inatuelekeza baharini, ambako mahindi na maharage yetu hayana mgeni wa kuyangoja. Kigoma inatuelekeza kwa wanunuzi wanaokula tunachokula. Ila meli haiondoki kwa ajili ya magunia 50 ya mkulima wa Kakonko. Inaondoka kwa sababu treni imeleta saruji na ngano ya kutosha kuijaza, na magunia yetu yanapata nafasi pembeni. Treni isipokuja, meli inangoja. Meli ikingoja, mnunuzi wa Kalemie anatafuta kwingine. Na Fuso za jirani yangu hazitakosa kazi: zitapeleka mahindi Kigoma na kurudi na saruji, badala ya kurudi tupu.

Ninachokiogopa zaidi ni miaka hii ya katikati. SGR haitafika Kigoma kesho, na reli ya zamani inaanza kutazamwa kama mgonjwa asiyestahili dawa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwahi kugharimia ukarabati wa mabehewa ya TRC ili yabebe chakula chake. Kama shirika la misaada liliona mabehewa hayo yanalipa, mipango yetu ya bajeti inaweza kuyaona pia: mataruma, injini, na njia ya kuingia bandarini, kwa miaka yote ya kungoja.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya utafiti: nendeni Kigoma mkae miezi mitatu. Hesabuni mabehewa yanayofika gatini, siku ambazo kila moja linangoja kupakuliwa, na mara ambazo mfuko mmoja wa saruji unabebwa kabla ya kuingia melini. Nitasimamia kazi hiyo mimi mwenyewe, na nakala ya kwanza tutampelekea mwenye duka la Kakonko.