Mungu Yupo Jikoni

Dominika moja baada ya Misa nilimkuta mama mmoja wa parokia amebaki peke yake nyuma ya kanisa, mtoto amelala mgongoni mwake. Nilipomsalimu, alinijibu kwa sauti ndogo: «Padri, nadhani mimi si mkristu tena.»

«Kwa nini, mama?»

«Zamani nilipokuwa msichana nilisali vizuri. Sasa naamka saa kumi za usiku, nachota maji, nawasha makala, naosha watoto, natwanga sombe, nakwenda sokoni. Jioni nikipiga magoti, nasinzia kabla ya kumaliza Baba Yetu. Mungu ameniacha, kwani simsikii hata kidogo.»

Sikumjibu upesi, maana neno lake ni neno la wengi. Tunamfanya Mungu kuwa kama chifu anayepokea watu siku ya Dominika tu, na siku nyingine amefunga mlango. Basi nilimsimulia habari za mtu mmoja wa kale.

Jina lake Nicolas Herman. Alizaliwa Hériménil, katika nchi ya Lorraine, miaka 400 na zaidi iliyopita. Alipokuwa na umri wa miaka 18, wakati wa baridi, aliona mti usio na jani hata moja. Akawaza: baada ya muda kidogo mti huu utachipua, utatoa maua na matunda. Hapo alitambua uwezo wa Mungu na ulinzi wake, wala wazo hilo halikumtoka tena. Mti ulikuwepo tangu zamani. Macho yake ndiyo yaliyofunguliwa siku ile.

Baadaye alikuwa askari, akajeruhiwa. Mwaka 1640 aliingia katika utawa wa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Bruda Laurent wa Ufufuko. Wakamweka jikoni. Kazi hiyo hakuipenda kwa maumbile yake, lakini aliifanya miaka ipatayo 15. Katikati ya vyungu na kelele za watu alizoea kusema na Mungu kwa maneno machache, kama mtu anavyosema na rafiki aliye karibu. Akigeuza mayai katika kikaango, aligeuza kwa mapendo ya Mungu. Akiokota unyasi chini, aliuokota kwa ajili yake. Alikufa mwaka 1691, na maneno yake yalikusanywa katika kitabu kidogo kinachosomwa hata leo.

Lakini msidhani kwamba aliona utamu tangu mwanzo. Miaka kumi ya kwanza aliteswa sana moyoni, hata akajidhania amepotea. Hata hivyo hakuacha. Alijua ya kuwa imani si jambo la kusikia utamu moyoni.

«Mama,» nikamwambia, «mtoto wako sasa anauona uso wako?»

«Haoni, Padri. Yuko mgongoni.»

«Je, yuko peke yake?»

Akanyamaza.

Na hapa kwetu Kongo tunaye Mwenyeheri Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906. Alikuwa mfanyakazi tu: alishika kazi ya uashi, halafu akaajiriwa katika shamba la mpira. Huko hakuwa na padri karibu. Alisali kazini, akawafundisha wenzake sala, na shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Kwa sababu hiyo mkubwa wake aliamuru apigwe viboko vikali sana. Alikufa kwa vidonda vyake tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amekwisha kumsamehe aliyemtesa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Nguvu ya kusamehe hivyo aliipata wapi? Siku ya viboko siyo iliyomfundisha kusali. Siku za kawaida, siku za udongo na matofali, zilikuwa zimekwisha kumfundisha.

Basi tufanye nini? Mambo madogo. Mama, kabla ya kuwasha moto, ufanye ishara ya msalaba; ukichota maji, ukumbuke ubatizo wako. Mwanafunzi, ukifungua daftari, mtolee Mungu somo lile usilolipenda. Mfanyabiashara, ukishika mizani, ujue kwamba kuna mwingine anayeitazama. Baba, siku ya mshahara, kabla ya kupita penye pombe, sema: Bwana, tunakwenda wapi wewe na mimi? Maana anayeamini kwamba Mungu yupo nyumbani mwake, hampigi mke wake mbele ya Mgeni huyo.

Sisemi kwamba tuache Misa na sala za jioni, hasha! Anayekula mezani pa Bwana siku ya Dominika ndiye apataye nguvu ya kumtambua siku ya Jumatatu penye moshi.

Yule mama alikaza kitenge kilichomshika mtoto, akainuka. «Naenda, Padri,» alisema, «watoto wanangoja chakula.» Kisha akacheka kidogo: «Na Yeye pia ananingoja kule.»

Sikuwa na neno la kuongeza. Tumsifu Yezu Kristu.