GOLIKIPA MFUNGAJI ALIYETIMULIWA NYUMBANI KWAKE

Wiki hii tunaweka kando mambo ya mapenzi na mavazi, tuongee kazi. Maana kuna ugonjwa umetuingia vijana wa mjini: mtu akishapata jina, basi anadhani kamaliza. Akiingia mahali anataka apishwe kiti. Akikosolewa, ananuna. Akiachishwa kazi, anajifungia ndani akisema watu wana roho mbaya.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, nawaletea jamaa mmoja wa Brazil anayeitwa Rogério Ceni.

Wapenzi wa kabumbu mnamjua. Huyu ndiye golikipa aliyefunga mabao kuliko golikipa yeyote duniani. Mabao 131, asikwambie mtu! Kuna masentafowadi wamestaafu bila kufika hapo, na wao kazi yao ilikuwa hiyo hiyo ya kufunga.

Ceni alizaliwa Januari 22, 1973 katika mji wa Pato Branco, jimbo la Paraná. Baadaye familia ikahamia Sinop, kule Mato Grosso, na huko akiwa bado kinda alipata kibarua benki. Mwaka 1990 timu ya Sinop ilichukua ubingwa wa jimbo yeye akiwamo, na mwaka huo huo akachukuliwa na São Paulo, klabu kubwa kweli kweli.

Mnadhani alifika akapewa jezi? Thubutu! Golini alikuwepo Zetti, kipa wa uhakika, na klabu ilikuwa kwenye neema. Mwaka 1992 na 1993 ilikuwa bingwa wa Amerika Kusini na wa dunia, ikawafunga Barcelona na Milan kule Tokyo. Kijana wetu akasugua benchi miaka na miaka. Ni mpaka Zetti alipoondoka ndipo goli likawa lake.

Sasa hapo kwenye kungoja ndipo penye siri. Wenzake wakimaliza mazoezi wanakwenda kuoga, yeye anabaki na mipira, anaupiga mmoja baada ya mwingine kuuvusha ukuta. Kocha Muricy Ramalho alipoona hivyo akamruhusu: haya, zikipatikana faulo karibu na goli, nenda kapige. Februari 15, 1997 akafunga la kwanza, dhidi ya União São João. Nyavu zikatikisika, uwanja mzima ukabaki mdomo wazi.

Hebu fikiria hatari yake. Golikipa anaacha goli lake tupu, anatembea uwanja mzima mpaka kwa adui. Shuti likigonga ukuta, mpira unarudi kwa kasi na yeye inabidi atimue mbio kama anafukuzwa na mbwa. Ukikosa mara mbili tatu, mashabiki watakuzomea mpaka uhame mji. Yeye aliendelea hivyo karibu miaka 20.

Agosti 20, 2006 timu yake ilikuwa ugenini kwa Cruzeiro, na mambo yamekwenda kombo, wameshapigwa mbili bila. Ceni akapangua penalti, kisha akafunga mabao mawili mwenyewe, mechi ikaisha 2-2. Siku hiyo ndiyo aliyompita Chilavert wa Paraguay, mfalme wa makipa wafungaji kabla yake. Machi 27, 2011 akafikisha bao la 100, tena kwa friikiki, tena dhidi ya watani wa jadi Corinthians, na São Paulo ikashinda 2-1. Raha iliyoje!

Na kudaka alijua pia. Desemba 2005 kule Yokohama, Japan, São Paulo ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Liverpool. Waingereza wakashambulia kama nyuki, Steven Gerrard akapiga friikiki iliyokuwa inakwenda pembeni kabisa, Ceni akairukia akaitoa. Bao la Mineiro likatosha, 1-0, na Ceni akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Ukahodha wake ukaleta pia ubingwa wa Brazil mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Desemba 2015 akaagwa pale Morumbi baada ya miaka 25 klabu ile ile na mechi zaidi ya 1,200.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa sikiliza.

Baada ya kustaafu alikwenda Ulaya kusomea ukocha. Mwisho wa mwaka 2016 São Paulo wakamwita: njoo nyumbani, timu hii hapa. Akaja na msaidizi kutoka Uingereza, Michael Beale. Mashabiki wakashangilia. Nani angemkatalia mtu mwenye historia ile?

Mpira ukamkatalia. Katika miezi michache ya 2017 timu ikatolewa ubingwa wa jimbo na Corinthians, ikatolewa Kombe la Brazil na Cruzeiro, ikatolewa Copa Sudamericana na Defensa y Justicia ya Argentina. Kwenye ligi ikateleza mpaka kwenye mstari wa kushuka daraja. Beale akaondoka. Siku chache baadaye, Julai 3, 2017, Ceni naye akafungashiwa virago. Mabao 131 hayakusaidia kitu, wala kombe la Yokohama.

Hapo ndipo wengi wetu tungekwisha. Mtu ametimuliwa nyumbani kwake, mbele ya mashabiki waliokuwa wakiimba jina lake! Angeweza kukaa kitako, akala jina lake taratibu kwa kuchambua mechi kwenye televisheni. Angeweza kungoja klabu kubwa nyingine imbembeleze.

Yeye alikwenda Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazil. Klabu hiyo ilikuwa imekaa daraja la tatu miaka minane na ndiyo kwanza inapanda kwenda la pili. Mtu aliyezoea kucheza na Liverpool anakubali kazi daraja la pili! Pale vijiweni tungemcheka, tungesema mshikaji kafulia.

Lakini kule alipata kitu ambacho nyumbani hakukipata: nafasi ya kujifunza kazi mpya bila kila mtu kumlinganisha na sanamu yake mwenyewe. Mwaka 2018, klabu ikitimiza miaka 100, Fortaleza ikachukua ubingwa wa daraja la pili na kupanda ligi kuu. Mwaka 2019 ikachukua kombe la jimbo la Ceará na lile la kanda ya Kaskazini Mashariki, Copa do Nordeste.

Msidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Mwaka huo huo wa 2019 alihamia Cruzeiro, akadumu mechi nane tu, akatimuliwa, akarudi Fortaleza. Novemba 2020 Flamengo wakamchukua. Na hapa ndipo Mungu alipoamua kuchekesha watu.

Februari 25, 2021 ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Flamengo ya Ceni inatafuta ubingwa, na mechi iko wapi? Morumbi! Na mpinzani nani? São Paulo! Flamengo ikafungwa 2-1, na moja ya mabao hayo lilikuwa la friikiki. Ceni akabaki amesimama pembeni anasubiri matokeo ya kwingine. Internacional wakatoka 0-0 na Corinthians, wakaachwa kwa pointi moja. Ceni akawa bingwa wa Brazil kama kocha, katika uwanja ule ule aliotimuliwa, siku aliyofungwa. Waandishi wa filamu za Kihindi wangeona aibu kuandika hivyo.

Miezi mitano baadaye Flamengo nao wakamtimua. São Paulo wakamrudisha Oktoba 2021, wakapoteza fainali ya Copa Sudamericana mwaka 2022, Aprili 2023 wakamtimua mara ya pili. Septemba 2023 akaenda Bahia, akainusuru isishuke katika siku ya mwisho ya ligi, na msimu wa 2024 akaipeleka Copa Libertadores, ambako ilikuwa haijakanyaga tangu 1989.

Kwa hiyo wewe uliyeachishwa kazi mwezi uliopita na bado unapita mitaa ya nyuma kukwepa watu, nakuuliza: daraja lako la pili liko wapi? Kuna duka, karakana au ofisi ndogo mahali fulani inayokuhitaji, ila wewe unaona itakushushia hadhi. Jina linafungua mlango tu, bwana. Ukishaingia ndani, unaanza tena kupiga mipira mmoja mmoja, wenzako wakiwa wamekwenda kuoga.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.