Freni inaposhika: kufunga gurudumu moja si kutengeneza

Mwenye kusafiri barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kwenda Uvira, anajua ile harufu ya freni inayoungua kwenye miteremko ya Ngomo. Wengi wanasema ni kawaida ya mlima. Lakini kama harufu inasikika hata kwenye mpando ama barabara tambarare, hiyo ni shida ingine: freni imeshika. Shofere ameachilia pedali, ila gurudumu haliachilii.

Ugonjwa huu unapenda motokari za zamani zenye freni za tamburi za mafuta: Land Rover kuukuu, Dyna na Canter za miaka mingi. Na dawa ya haraka munaijua: fundi anaponda bomba la mafuta la gurudumu hilo, analikunja, na safari inaendelea na freni 3. Hapo hatari ndiyo inaanza. Gurudumu la mbele likifungwa, motokari inavutwa upande mmoja kila mara shofere akikanyaga. Na kwa zile kuukuu zenye njia moja tu ya mafuta, kile kifungo kikiachia, pedali inaenda chini na freni zote zinapotea.

Tena, kutafuta chanzo si kazi ya siku nzima. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, inua lile lililoshika kwa kriki, kisha fungua kidogo ile skruu ya kutolea hewa nyuma ya tamburi. Mafuta yakiruka na gurudumu likaanza kuzunguka, ina maana nguvu ya mafuta ilinaswa ndani. Gurudumu likibaki kukaza, kosa liko ndani ya tamburi: pistoni yenye kutu, resori iliyochoka, garnitire zilizokazwa kupita kiasi, ama kamba ya freni ya mkono isiyorudi.

Kama mafuta ndiyo yamenaswa, angalia ni magurudumu mangapi. Likiwa moja, ama yote 2 ya nyuma, shuku kwanza fleksibli, ule mpira unaopitisha mafuta. Nje unaonekana mzima, kumbe ndani umevimba. Nguvu ya mguu inapitisha mafuta, ila resori haina nguvu ya kuyarudisha. Yakishika yote, angalia silindri kubwa ya pedali. Pedali inapaswa kucheza kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Isipocheza, katundu ka kurudishia mafuta kanabaki kimezibwa. Mafuta yakipata moto yanapanuka, na freni zinajikaza zenyewe.

Kuna pia kosa la mikono yetu. Mafuta ya motere ama mazuti yakiingia kwenye freni, mipira ya ndani inavimba na kuharibika. Mafuta ya freni yenyewe yanavuta maji ya hewani. DOT 3 mpya inachemka kuanzia digrii 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Maji hayohayo ndiyo yanaleta kutu kwenye pistoni.

Basi kama chanzo kinajulikana, kwa nini bado tunafunga mabomba? Jibu liko kwenye vesema. Shofere anapaswa kumpelekea mwenye motokari pesa ya siku, motokari ifanye kazi ama ilale garaji. Siku moja ya matengenezo inatoka mfukoni mwake. Kwa hiyo anachagua kufunga, anaomba Mungu, anashuka. Kumlaumu yeye peke yake ni kuacha nusu ya ukweli. Mwenye motokari anayedai vesema siku ya matengenezo, naye ameshika lile koleo lililokunja bomba. Na kontroli tekiniki inayotazama karatasi bila kuinua hata gurudumu moja haimlindi msafiri.

Makubaliano ni rahisi: siku ya freni, hakuna vesema. Bei ya fleksibli haiwezi kulinganishwa na kamio nzima chini ya bonde, tusiseme watu.

Na wewe msafiri, ukisikia ile harufu kabla ya Ngomo, uliza. Shofere asimame, tamburi ipoe yenyewe bila kumwagiwa maji, maana chuma chenye moto kinaweza kupasuka. Kuchelewa kufika Kamanyola si aibu.