Haki Imepatikana Eldoret, Voi Bado Twategemea Majirani

Mwezi Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliamua kuwa haki za mwanamke transjenda zilikiukwa alipokamatwa mwaka 2019, akawekwa rumande na kupimwa mwili ili ijulikane ni wa jinsia gani. Alimpa fidia ya shilingi milioni moja, na akaitaka serikali ilete sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Naishi kijijini, upande wa Voi, na wenzangu wa Mombasa huniuliza swali moja: mbona huhami?

Wana hoja. Mjini hujulikani, na asiyekujua hana la kukusema. Lakini mjini kuna kodi ya nyumba, na ukiugua uko peke yako. Huku nina shamba na mama mzee. Ndovu wa Tsavo wakiingia mashambani usiku, tunatoka sote na tochi na mabati, na hakuna anayeuliza jinsia ya anayepiga bati. Jirani mliyekesha naye shambani huona haya kukutukana asubuhi.

Kwa hivyo usalama wangu haukutoka kortini. Ulitoka kwa mama, kwa shangazi zangu, na kwa mzee wa kijiji aliyewakanya vijana. Ni usalama wa kweli, lakini ni wa kuazima. Mzee huyo akifariki, au akibadili mawazo, sina changu.

Tena haufiki mbali. Jirani hahitaji kuona kitambulisho changu. Askari wa kizuizini, wakala wa M-Pesa na karani wa hospitali wanakihitaji. Jina likisomwa kwa sauti, foleni nzima inageuka. Nawajua wenzangu ambao huona heri kununua dawa dukani kuliko kupitia hayo.

Mwaka 2014 Audrey Mbugua alishinda kesi, na Mahakama Kuu ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya cha KCSE chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ni nani wa Mwatate, Taveta au Kasigau mwenye nauli na wakili wa kufuata njia hiyo?

Sheria iliyoagizwa Eldoret ndiyo ingetuondolea safari hizo, nasi tuwaulize wabunge wetu imefikia wapi. Wakati tukiingoja, yapo yasiyohitaji Bunge. Hospitali inaweza kuwaita wagonjwa kwa nambari. Chifu anaweza kusema barazani kwamba kumpiga mtu ni kosa, awe nani. Ibara ya 28 ya Katiba inampa kila mtu heshima yake, na haikuwatoa watu wa vijijini.