Masika yamewaumbua mastaa wenye mbwa wa kupigia picha

Kuna staa mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni, mwishoni mwa mwaka jana alitikisa Instagram kwa picha za mbwa wake mpya. Husky, macho ya bluu, manyoya kama kapeti la ukumbini. Mbwa ndani ya gari, mbwa Coco Beach, mbwa kavalishwa miwani. Komenti zikamiminika, watu wakamuita kwini. Mvua za masika zilipoanza, picha zikakata ghafla.

Wanaokaa naye jengo moja ndio wanaojua kilichoendelea. Kabla ya mvua kulikuwa na kijana wa kazi anayemkimbiza yule mbwa kila jioni. Mvua ikashika, kijana hatoki, mbwa naye hatoki. Akafungiwa kwenye kibaraza cha nyuma karibu wiki mbili. Akatafuna kochi lililowekwa hapo, akachana pazia, akabweka mpaka saa tisa usiku. Siku dada wa kazi alipofungua mlango ampe chakula, mbwa akamrukia kwa furaha, dada akateleza kwenye vigae, mkono ukavunjika.

Mbwa kagawiwa. Staa kaandika eti yule mbwa alikuwa na roho mbaya, na mashabiki wakampa pole yeye!

Roho mbaya gani? Husky asili yake ni Siberia huko, watu walimzalisha avute sleji kwenye barafu kwa umbali mrefu. Ana pumzi ya kutosha kuchosha watu watano. Kumleta kwenye joto la Dar tayari ni mtihani, halafu unamfungia kwenye kijisehemu cha kuanikia nguo na kutegemea atulie kama sanamu. Zile nguvu lazima zitokee mahali, na zilitokea kwenye kochi.

Ajabu ni kwamba kumchosha mbwa ndani ya nyumba hakuhitaji mjengo wa ghorofa. Kuna mchekeshaji mmoja chipukizi wa Sinza, kapanga vyumba viwili, ana mbwa koko aliyemuokota barabarani. Mvua ikinyesha anachukua dagaa wachache, anawaficha: mmoja chini ya kikombe cha plastiki, mwingine ndani ya kitenge kikuukuu kilichokunjwa, mwingine nyuma ya ndoo. Mbwa anaachiwa anuse mpaka awapate wote. Kunusa kunamchosha mbwa kinoma, kwa sababu kichwa chake kinafanya kazi muda wote. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, jamaa analala usingizi wa pono.

Kitenge hicho hicho akikisuka kinakuwa kamba ya kuvutana. Kaa, lala, subiri, leta, vyote anamfundisha humo humo sebuleni. Na hata chakula hamwagii kwenye sahani. Anakitia kwenye chupa ya plastiki yenye matundu, mbwa aihangaikie mwenyewe huku anasimamiwa asije akaila na chupa. Kitu kimoja cha maana anachofanya ni kutandika mkeka kwanza. Vigae vinateleza, na mbwa akikimbia juu yake anaumiza viungo, hasa hawa wakubwa kama German Shepherd ambao wengi wana matatizo ya nyonga. Kukimbizana na taa ya leza ndiyo kabisa, mbwa hashiki kitu, na wengine wanaishia kuwa kama wamechanganyikiwa, wanawinda kila kivuli ukutani.

Wenye apatimenti nao wanapenda kumwachia mbwa akimbie kwenye korido. Hapana. Nusu ya jengo ni watu wa swala, ulimi wa mbwa ukigusa kanzu mtu inabidi akajitwaharishe upya. Mbwa wako, sebule yako.

Haja bado ataenda nje, hilo halikwepeki. Mvua ikipumua anatolewa mara moja, akirudi anaoshwa miguu na kukaushwa. Maji ya masika yana mkojo wa panya, na homa ya mgunda inapita humo humo kwa mbwa na kwa binadamu. Lindi mwaka 2022 watu walikufa kwa ugonjwa huo. Mbwa ana chanjo yake, aulizwe daktari wa mifugo wakati anakwenda kuchanjwa kichaa.

Najua... samahani, inajulikana kabisa kuna watakaosema watu wa Jangwani maji yanawaingia mpaka kitandani, nani ana muda wa mazoezi ya mbwa. Ni kweli. Lakini hakuna aliyemlazimisha staa kununua mnyama wa bei ya bodaboda. Mwenye shida kweli alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, analipwa mshahara wa kununulia chakula cha mbwa cha mwezi, na ndiye aliyekuwa anafungua ule mlango kila siku wakati mwenye mbwa yuko saluni.

Wengine watasema mbwa ni mlinzi, akae bandani. Sawa, ila mlinzi aliyefungiwa wiki mbili bila kazi hachagui tena mwizi na mgeni. Anarukia chochote kinachofungua mlango.

Dada alilipiwa plasta, akapewa nauli, akarudishwa kwao mkono ukiwa shingoni. Juzi staa kauliza kwenye insta stori nani anauza Chihuahua, awe mtulivu. Na dada wa kazi mpya naye anatafutwa.