Wanasiasa si walewale

Juzi kijiweni hapa Daraja Mbili tulikuwa tunabishana kuhusu wabunge. Jamaa mmoja akasema wanasiasa wote ni walewale, akawataja hata Wajerumani waliojenga Boma la hapa mjini mwaka 1900. "Kuna mmoja wao aliyetusemea?" Nikamjibu yupo. Kijiwe kizima kikacheka.

Ndugu msomaji, yupo kweli. Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa chama cha wasoshalisti, SPD, alisimama bungeni Berlin akamuumbua Carl Peters kwa kuwanyonga mtumishi Mabruk na mwanamke Jagodjo kule Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi serikalini.

Lakini usishangilie mapema. Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wa Wameru na Waarusha. Na wasoshalisti wenyewe? Mwishoni mwa 1906 walikataa kuongeza fedha za vita vya Namibia, bunge likavunjwa. Katika uchaguzi wa Januari 1907 viti vyao vikaporomoka kutoka 81 hadi 43. Agosti mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wasoshalisti wa dunia mjini Stuttgart, wengi katika ujumbe wa Ujerumani waliunga mkono eti ukoloni wa kisoshalisti! Mkutano ukalikataa wazo hilo kwa kura 127 dhidi ya 108.

Bebel alifariki 1913. Agosti 4, 1914, SPD ikaidhinisha fedha za vita. Desemba mwaka huo ni Karl Liebknecht peke yake aliyepiga kura ya hapana. Vita hiyo ilifika mpaka hapa: Waingereza waliiteka Arusha 1916, na wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, katika ugomvi usiowahusu.

Kwa hiyo yule jamaa yangu amekosea, ila si sana. Wanasiasa si walewale, lakini hotuba nzuri haitoshi kuwatofautisha. Sisi wa Arusha, mji wa Azimio la 1967, hotuba tumezisikia za kutosha. Chama kinapimwa siku ambayo kusema ukweli kunagharimu viti.

Mbunge akija kuomba kura, usimuulize anaamini nini. Muulize alifanya nini siku wenzake wote walipoitikia "ndiyooo!"

Tafakari.