Mbegu za Maboga Zisitupwe

Wahenga walinena kwamba apendaye boga hana budi kulipenda na ua lake. Yaelekea usia huo umesahauliwa jikoni, kwa maana katika nyumba nyingi boga likishapasuliwa, mbegu zake hukwanguliwa na kutupwa jalalani, na majani yake huachwa yakakauka shambani pamoja na mabua ya mahindi. Kiliwacho ni nyama tu. Na hiyo nayo, katika nyumba za watumishi wa mijini, imeanza kuonewa haya: mgeni hukaribishwa kwa mkate mweupe na soda, na boga huhesabiwa kuwa chakula cha wasio na uwezo.

Hii ni kasumba, tena kasumba yenye madhara. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. La kushangaza ni kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mavuno ya mahindi, ndiyo iliyoongoza. Sababu za udumavu ni nyingi, kuhara na uchovu wa akina mama wajawazito zikiwamo. Lakini sahani isiyo na kitu ila ugali ni mojawapo. Na katika mashamba hayo hayo ya mahindi ndimo maboga yanamotambaa.

Nyama ya boga ni maji kwa sehemu zaidi ya 90 katika 100, lakini ile yenye rangi ya machungwa imebeba karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na wa kinga ya mtoto. Karotini hiyo haifyonzwi vyema pasipo mafuta. Mbegu ndizo zenye mafuta hayo: gramu 100 za viini vikavu zina mafuta yapatayo gramu 50 na protini ipatayo gramu 30, kupita maharage makavu ya uzito huo huo, mbali na madini ya zinki, chuma na magnesiamu. Boga, basi, limekuja na kiungo chake tumboni, nacho ndicho kinachotupwa.

Wapo wanaosifu mbegu hizo kwa kufukuza tegu. Imani hiyo ni ya zamani, lakini mwenye minyoo apelekwe zahanati.

Walimu wana nafasi kubwa hapa. Wazazi wengi huchangia mahindi na maharage ya chakula cha mchana shuleni, na karanga za kuunga mchuzi hukosekana kwa sababu ya bei. Mbegu za maboga ya shamba la shule hazinunuliwi. Huoshwa, huanikwa juani mkekani hadi zikauke kabisa, maana zenye unyevu huota ukungu wenye sumu. Kisha hukaangwa bila mafuta, hutwangwa, hupepetwa maganda, na unga wake hutiwa katika maharage au mboga za majani. Mtoto mdogo apewe unga huo katika uji, asipewe mbegu nzima, zisije zikamkaba.

Ofisini nako, chai ya saa nne haina sababu ya kuwa maandazi siku zote. Kisahani cha mbegu zilizokaangwa, zenye chumvi kidogo, chaweza kukaa mezani kando ya mafaili, na mkubwa wa ofisi awe wa kwanza kunyoosha mkono.